Mbavu Sita za Mzee Kajiru

Hapo zamani, na sisemi zile za fisi kuvaa kanzu, nasema hizi za juzijuzi tu, ule mwaka tangawizi ilipokauka shambani na maji yanaonekana kwa macho, huku kwetu milimani Upare mzee mmoja alivunjika mbavu sita. Zilikuwa mbavu zake, ndani ya ngozi yake. Lakini nawaambieni, zile mbavu ziligombaniwa kuliko kiwanja cha barabarani.

Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Mzee huyo aliitwa Kajiru. Na ili mjue kwa nini watu walimtolea macho, lazima kwanza mjue ndiva. Ndiva ni bwawa letu. Babu zetu walilijenga kwa mawe na udongo, maji ya mto yanaingia mpaka linajaa, asubuhi mtu anatoa gogo lililoziba tundu, maji yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani. Tunafungua kwa zamu. Leo wewe, kesho mimi. Zamu nono kuliko zote ni ya Jumatatu, kwa kuwa Jumapili hafungui mtu, na bwawa linajaa mpaka linatapika. Wenye zamu ya Alhamisi tunapata matope. Mimi ni wa Alhamisi, basi msiniulize.

Jumatatu ilikuwa ya Kajiru. Alirithi kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake. Watoto wake wako mijini, hawajui hata jembe linashikwa upande gani. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anamwangalia Kajiru akizeeka. Wengine walimwangalia kwa huruma. Wengine walikuwa wanahesabu.

Jumatatu moja kumepambazuka, Kajiru akaenda kufungua ndiva. Kilichotokea pale ukutani hakuna aliyekiona, au aliyekiona hasemi. Tunachojua ni kwamba alikutwa majini, uso chini, kofia inaelea pembeni yake. Na kati ya pale na kitanda cha hospitali, watu watatu walimgusa. Shikeni hao watatu.

Wa kwanza ni Senzota, shemeji yake, kaka wa mke wake. Yeye ndiye aliyemkuta. Akaingia majini mpaka kiunoni, akamfunga kamba kifuani, akapanda ukutani, akamvuta. Ukuta wa ndiva una mawe yaliyochongoka. Alimvuta juu ya mawe yale kama mtu anavuta gunia la mahindi. Kajiru si mwembamba. Alipofika juu alikuwa kimya kabisa.

Sasa mimi nauliza tu. Senzota alikuwa na kamba ya nini alfajiri ile? Anasema alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Huyu Senzota tunayemjua, anayekata majani saa kumi na moja jioni miaka yote? Siku hiyo moja ng'ombe wake waliamka na njaa ya asubuhi? Mimi sisemi kitu. Nauliza.

Wa pili ni Mbonea, mwenye punda. Alikuja na madumu yake kuchota maji, akamkuta Senzota analia juu ya maiti, maana walidhani ni maiti. Mbonea akatupa madumu chini. Akambeba Kajiru, akamlaza kifudifudi juu ya punda, miguu huku, kichwa kule, akashika njia ya hospitali mbio. Njia yetu mnaijua, ni mawe na makorongo. Punda akiruka, Kajiru anaruka. Punda akishuka, tandiko la mti linamgota kifuani. Kufika kona ya tatu, Kajiru akatapika maji na akaguna. Hivyo ndivyo anavyosema Mbonea, na punda hana la kuongeza.

Lakini wiki moja kabla, huyu Mbonea na huyu Kajiru walishikana mashati. Mbonea alitoboa mfereji kuiba maji, Kajiru akamkamata. Akamwambia mbele za watu, "Mwizi wa maji atakufa na kiu." Wiki haijaisha, Mbonea huyohuyo anakimbia makorongoni kumwokoa. Upendo umeingia lini?

Wa tatu ni Nakiete, mhudumu wa hospitali. Kazi yake ni kudeki, kufua mashuka, kumwaga ndoo. Mwaka wa kumi na tisa huo. Walipofika barazani hapakuwa na muuguzi hata mmoja, kwa sababu hospitali yetu ni ya kanisa na asubuhi wote wanakwenda kwenye sala. Mlango wa kanisa umefungwa, wanaimba ubeti wa nne. Nakiete akaweka kidole puani kwa Kajiru. Hakuna kitu. Akaweka dekio chini. Akampindua chali, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, akaanza kubonyeza. Alijuaje? Wauguzi walipofundishwa kwa mwanasesere wa plastiki, yeye alikuwa anafuta madirisha. Alifuta dirisha moja siku nzima.

Wauguzi waliposema amina na kufungua mlango, Kajiru alikuwa amekaa anakohoa maji na kumtukana punda.

Mnaona Nakiete hana doa? Subirini. Huyu Nakiete ndiye Kajiru alitaka kumwoa enzi za ujana wao, wazee wakakataa. Mke wa Kajiru analijua hilo. Alipopewa habari kwamba mume wake amepona, neno la kwanza alilosema si ahsante. Alisema, "Hiyo mikono ya Nakiete ilikuwa inatafuta nini kifuani kwa mume wangu?"

Basi. Kajiru akapigwa eksirei. Mbavu nne kushoto, mbili kulia. Sita. Akafungwa, akalazwa, akaambiwa asicheke.

Sasa anaingia mtu wa mwisho, naye ni Nanzia, karani wa masjala pale hospitali. Amepanga chumba kwangu, ndiyo maana nayajua haya yote. Sikusikiliza mlangoni. Ukuta wangu ni mwembamba.

Kazi ya Nanzia ni namba. Kila ugonjwa duniani una namba yake kwenye kitabu kimoja kinene kama godoro la mtoto. Faili la mgonjwa likifika, yeye anasoma alichoandika tabibu, anatafuta namba, anaandika. Wakubwa huko juu wanasoma namba tu, hawana muda wa hadithi. Ubavu mmoja ukivunjika, ni herufi S, ishirini na mbili, nukta tatu. Zikivunjika mbavu nyingi, ni nukta nne. Kifua kikiachia kabisa kikawa kinapwaya kama pazia, ni nukta tano. Nilimwuliza, "Na ukivunjika moyo?" Akaniambia, "Bibi, lala."

Kwa Kajiru, namba ya kwanza ilikuwa rahisi. Mbavu sita, nukta nne, imekwisha. Hata kuzama majini kuna mstari wake, akaujaza. Shida ilikuwa kisanduku cha chini. Kile kisanduku kinauliza: hizo mbavu zimevunjwa na nini? Si kilichovunjika. Kilichovunja. Na kinachukua namba moja tu.

Tabibu aliyempokea Kajiru aliandika neno moja, "Ajali," akaenda likizo, akazima simu. Zamani Nanzia angeandika namba ya "haijulikani" akaendelea na chai yake. Lakini mwezi huohuo barua ilikuwa imekuja kutoka juu, kwamba hospitali yetu imeandika "haijulikani" nyingi mno, na ikiendelea karani atatafutiwa kazi nyingine. Na sheria ya kazi yake inasema karani haandiki anachodhani. Anaandika kilichosemwa na mtu wa kuaminika.

Mtu wa kuaminika. Huku kwetu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Nanzia akafungua kitabu, akaona njia tatu. Kama mbavu zilivunjwa na kamba na mawe, ni herufi W. Kama zilivunjwa safarini juu ya mnyama, ni herufi V. Kama zilivunjwa na mikono ya kutibu, ni herufi Y. Akawaita watu watatu waje dirishani kwake, mmoja mmoja, waseme ukweli.

Kabla hawajaja, habari ilikwishafika mpaka kwa wauza ndizi. Sijui nani aliitoa.

Na kila mtu akajua atapoteza nini. Ikiandikwa W, kamati ya ndiva itamwita Senzota, itamwuliza habari za kamba na alfajiri, na itamnyang'anya zamu yake mpaka ajieleze. Ikiandikwa V, punda wa Mbonea atafungiwa, maana kijiji kilikuwa kinatafuta sababu tangu yule punda alipomng'ata mchungaji. Ikiandikwa Y, Matroni, mkuu wa wauguzi, alikwisha kusema wazi: mhudumu anayegusa kifua cha mgonjwa amejifanya muuguzi, atarudisha dekio na ndoo, aende nyumbani.

Akaja Senzota, kofia mkononi.

"Shikamoo baba," akasema Nanzia.

"Marahaba mwanangu. Herufi hiyo si yangu. Mimi nilimvuta taratibu, kama yai."

"Juu ya mawe, baba?"

"Mawe ya pale ni laini. Yamelambwa na maji."

Akaacha mkungu wa ndizi dirishani, akaondoka.

Akaja Mbonea, anatabasamu meno yote.

"Dada karani, herufi hiyo si yangu. Punda wangu anatembea kama bibi harusi."

"Watu walikuona unakimbia."

"Mimi nilikimbia. Punda alitembea."

Akaacha madumu mawili ya maji, bure, akaondoka.

Akaja Nakiete, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Mwanangu Nanzia, herufi hiyo si yangu. Mimi nilimfuta maji kifuani. Nilimfuta tu."

"Mama, mbavu hazivunjiki kwa kufutwa."

"Basi alikuja nazo zimevunjika."

Yeye hakuacha kitu dirishani. Nalo hilo nililitilia shaka. Mtu asiye na kosa huleta japo parachichi.

Usije ukasema sikuonja zile ndizi. Nilionja. Zilikuwa tamu, na kwa siku mbili nilimwamini sana Senzota.

Kisanduku kikabaki wazi. Alhamisi akaja daktari mkubwa kutoka wilayani, yule anayekuja mara moja kwa mwezi na miwani yake kwenye kamba. Akaingia wodini, amefuatwa na Matroni, na Nanzia na mafaili. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, kwa hiyo kitanda cha Kajiru kimezungukwa: mke wake, Senzota, Mbonea, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, na mimi, nilikuwa napita. Nakiete alikuwa anadeki chini ya kitanda cha jirani. Alikuwa amedeki palepale tangu asubuhi.

Daktari akainua eksirei dirishani. Akaitazama. Akauliza, "Nani alimbonyeza huyu mzee kifua?"

Dekio la Nakiete likasimama.

Matroni akasema, "Tunalishughulikia, daktari. Tumeshaonya."

"Mnaonya nini? Nauliza ili nimpe mkono. Mzee amekunywa ndiva nzima, anafika hana pumzi, na leo anakula uji. Kifua cha mtu mzima ukikibonyeza sawasawa, mara nyingi mbavu zinaachia. Mbavu zinaunga. Moyo ukisimama hauungi."

Kajiru akageuza kichwa polepole. Nilimwona. Macho yake yalikuwa madogo kama ya mtu anayehesabu hatua za mwizi.

"Daktari," akasema, "maana yake aliyenivunja ndiye aliyenirudisha?"

"Kwa kifua chako mzee, mimi naona hivyo."

"Basi sikilizeni wote. Mwenyekiti, na wewe sikiliza. Mimi ndiva sirudi tena. Hiki kifua hakitavuta gogo. Zamu yangu ya Jumatatu nampa huyo aliyenivunja mbavu. Awe ndugu, awe adui, awe mwizi wa maji. Ni yake na watoto wake."

Mke wake akapiga kelele, "Baba Eliamani! Zamu ya ukoo?"

"Ukoo ulikuwa wapi nilipokuwa naelea?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mzee, neno lako tumelisikia. Lakini huyo mtu tutamjuaje? Maana tangu Jumatatu kila mmoja anaapa hakukuvunja."

Kajiru akanyoosha kidole kwa Senzota, kikapita kwa Mbonea, kikapita kwa mke wake, kikasimama kwangu kidogo, sijui kwa nini.

"Midomo yenu nimeishi nayo miaka sabini na moja. Siuamini hata mmoja. Hospitali ina kitabu. Kitakachoandikwa kwenye kile kisanduku, kamati ikifuate."

Mwenyekiti akakubali mbele ya watu. Nanzia akabadilika rangi. Akamgeukia daktari, "Andika wewe basi, tafadhali."

Daktari akavua miwani. "Mimi sikuwepo. Eksirei inanionyesha mfupa, hainionyeshi mkono. Huenda zilivunjika hapa barazani, huenda alifika nazo hivyo. Wasikilize waliokuwepo. Kesho adhuhuri niletee herufi moja, nitie sahihi."

Na Matroni, yule mama mgumu, akaongeza hapohapo, "Daktari amesifu, nami nimesikia. Lakini kanuni haijafutwa. Y ikiandikwa, Nakiete anaondoka."

Sasa msikilize mambo ya dunia. Ijumaa asubuhi, kabla Nanzia hajafungua dirisha, Senzota alikuwa amekwisha kufika.

"Mwanangu, herufi hiyo ni yangu."

"Baba, juzi ulisema ulimvuta kama yai."

"Juzi nilikuwa na hofu. Sasa nasema ukweli. Nilimfunga kamba nikavuta kwa nguvu zangu zote, mbavu zikalia kwa! kwa! juu ya yale mawe, na maji yakamtoka kifuani. Kamba yangu ilimbonyeza kabla ya mtu yeyote. Nenda ukaangalie, alama yake anayo mpaka leo."

"Na mawe laini?"

"Yana makali kama panga."

Mbonea akafika anahema, akamsukuma kidogo kwa bega. "Shikamoo mzee, sogea. Dada karani, herufi ni yangu."

"Punda wako si anatembea kama bibi harusi?"

"Bibi harusi gani! Alikuwa anaruka kama ana pepo. Kila akiruka, tandiko linamgota Kajiru kifuani. Kona ya tatu maji yakamwagika, akaguna. Maiti haigunii mtu. Senzota alimtoa majini akiwa maiti, akakaa kulia. Mimi nilipokea maiti nikafikisha mtu."

Senzota akacheka kwa pua. "Wewe ulimwibia maji akiwa mzima, sasa unamwibia na mbavu?"

"Afadhali mwizi wa maji kuliko mwenye kamba ya alfajiri!"

"Ng'ombe wangu walikuwa na njaa!"

"Ng'ombe wako, au dada yako mwenye njaa ya zamu ya mumewe?"

Wakashikana. Nanzia akawapigia meza. Ndipo Nakiete akatokea, hana dekio, hana ndoo. Mikono yake safari hii ilikuwa nje ya kanga.

"Mwanangu Nanzia," akasema, "andika Y."

Hata Senzota akaachia shati la mwenzake.

"Mama," akasema Nanzia kwa sauti ya chini, "unajua Matroni alichosema."

"Ninajua. Nilimbonyeza. Ule wa kwanza ulipovunjika niliusikia chini ya kiganja. Nilitaka kuacha. Nikasema, nikiacha atakufa na mbavu nzima. Nikaendelea. Zilizobaki nilizisikia moja moja."

Mbonea akasema, "Aliguna kwangu!"

"Labda aliguna. Alipofika kwangu hakuwa na pumzi. Niliweka kidole."

"Kidole chenye maji ya dekio kitasikia pumzi?"

"Kilisikia ilipokuwa haipo, kikasikia iliporudi."

Nanzia akamwuliza, "Mbona juzi ulisema ulimfuta tu?"

Nakiete akamtazama. "Juzi nilikuwa na kazi ya kulinda. Na leo nina shamba. Unalijua shamba langu, liko mwisho wa mfereji. Miaka kumi na tisa nadeki kwa sababu maji hayanifikii. Sikudanganyi kwamba siitaki hiyo Jumatatu. Naitaka. Lakini kuitaka hakufuti nilichokifanya."

Yupo pale mke wa Kajiru, alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, naye akatema lake: "Unaona! Zamani ulimkosa yeye, sasa unachukua maji yake!"

"Mama Eliamani," akasema Nakiete, "mume wako yuko kitandani anakusubiri. Nilimrudisha kwako au kwangu?"

Yule mama akageuka, akaenda wodini bila kumtukana mtu. Mimi tangu nimemjua, sijawahi kuona hivyo.

Nanzia akachukua faili, akaenda wodini kumtazama Kajiru kifua mwenyewe. Labda kifua kingesema. Akafunua bandeji, akaangalia. Alama ya kamba ilipita palepale. Ncha ya tandiko la punda iligota palepale. Viganja vya Nakiete vilikaa palepale. Akamwuliza Kajiru, "Mzee, hukumbuki hata kidogo?"

"Nakumbuka maji," akasema Kajiru. "Halafu nakumbuka harufu ya sabuni ya kudekia. Katikati hapo sina kitu."

"Harufu ya sabuni ndiyo Nakiete?"

"Mwanangu, hospitali nzima inanuka sabuni ya kudekia."

Nanzia akarudi kwenye meza yake. Akafunga dirisha, lakini sauti zinapita. Senzota anapiga kelele nje: bila kamba, punda angebeba nani? Mbonea anapiga kelele: bila punda, Nakiete angebonyeza nani? Nakiete amekaa barazani, hapigi kelele. Anamtazama mhudumu mwingine anadeki.

Nikaingia mimi kwa mlango wa nyuma. Nanzia akaniambia, "Bibi, nisaidie. Wote watatu wameniapia hapana, wote watatu wameniapia ndiyo. Nikiandika W, Jumatatu inakwenda kwa mtu ambaye hatujui alifuata nini pale ndiva, ingawa bila yeye Kajiru angekuwa chini ya maji mpaka leo. Nikiandika V, inakwenda kwa mwizi wa maji aliyemkimbiza adui yake makorongoni, wakati angeweza kuchota maji akaenda zake. Nikiandika Y, inakwenda kwa yule ambaye herufi hiyo inamfukuza kazi, na bado anaiomba."

"Si huyo ndiye mkweli basi?" nikamwambia. "Nani anaomba kufukuzwa kwa uongo?"

"Mwenye hesabu, bibi. Shamba lenye maji ya Jumatatu linalipa kuliko dekio. Wewe mwenyewe ulinifundisha kushuku."

Ni kweli, nilimfundisha.

Saa sita ikagonga. Daktari akaonekana anakuja kwa baraza, mkoba kwapani, gari linamsubiri limewashwa. Kajiru amejivuta mpaka mlango wa wodi, ameshika kifua, anataka kusikia kwa masikio yake. Mwenyekiti wa kamati yupo. Matroni yupo. Wale watatu wamesimama mstari mmoja na hawatazamani. Nanzia ameshika kalamu juu ya kile kisanduku kidogo kisichotosha hata punje ya mahindi.

Haya, nyie mliokaa mnanitazama mimi. Wa kamba, wa punda na wa kiganja, wote waliogusa kifua kile, wote waliosema uongo kwanza. Mbavu ni sita, herufi ni moja, maji ni ya Jumatatu. Ninyi mngekuwa Nanzia, mngeandika herufi ya nani?